Hudi na Uso wa Mama Ombati

Tulipomzika Kwamboka mwezi uliopita kule Nyamarambe, vijana walikuwa wengi kuliko wazee, na simu zilikuwa nyingi kuliko vijana. Kila mmoja alikuwa ameinua yake juu, jua la alasiri likiingia moja kwa moja kwenye kioo, nami nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai nikijizuia, kwa maana nimeambiwa mara nyingi nyumbani kwangu kwamba mdomo wangu haujui kustaafu. Nilijizuia mpaka nikashindwa. Kijana mmoja alipokuja kusimama mbele yangu kupiga picha ya jeneza, niliinua kiganja nikakiweka juu ya simu yake, kama unavyomkinga mtoto jua. Akageuka kwa hasira. "Shosho, unaniharibia picha!" Nikamwambia atazame kwanza, halafu ndiyo anitukane. Akatazama. Ule ukungu mweupe uliokuwa umetanda kwenye picha yake ulikuwa umetoweka, na maua ya jeneza yamerudi na rangi zake. "Aki shosho, hiyo umetoa wapi?" Nikamjibu kwamba nimeitoa kwa marehemu, na kwa mama yake marehemu, na kwa mwanamke mwingine wa mjini ambaye hata akitajiwa hamjui. Akadhani ni uzee unaonisumbua, akaitikia kwa adabu, akaenda zake. Mimi nikabaki nikilia, si kwa sauti, lakini nililia. Nilimpenda sana Kwamboka.

Nilijifunza hayo mwanzoni mwa miaka ya sabini. Habari za ukoo wangu sitaziingiza hapa. Wenyewe wapo na wanajua kujisemea. Itoshe kwamba nilikuwa msichana niliyemaliza shule, sikupata nafasi ya kusomea ualimu, na nilikuwa nimeajiriwa kwenye studio ya picha mjini Kisii na mjane aliyeitwa Bi Zena. Studio ilikuwa ya marehemu mumewe. Alipofariki, watu walimshauri auze kamera afungue hoteli ya chai, naye akawajibu kwamba chai anajua kuinywa, kuiuza hajui. Yeye na mumewe walikuwa Waislamu wa mjini, damu yao imechanganyika ya Kinubi, ya pwani na ya hapahapa kwetu Gusii, na Kiswahili chake kilinifanya nione haya kufungua kinywa, jambo ambalo, wanaonijua watakwambia, si rahisi. "Kiswahili chako, Moraa mwanangu," alikuwa akiniambia, "kimepanda mlima mpaka kimeishiwa pumzi. Kipumzishe." Nikicheka, naye hucheka, kisha ananituma nikaoshe picha.

Bado naweza kutembea ndani ya nyumba ile nikiwa nimefumba macho. Mbele kulikuwa na chumba cha kupigia picha, na ukuta uliochorwa ziwa na daraja, kazi ya fundi ambaye kwa hakika hakuwahi kuona daraja. Kisha pazia jekundu. Nyuma ya pazia ni sebule ya Bi Zena, na kando yake chumba cha giza tulimosafishia filamu, ambacho zamani kilikuwa stoo ya jikoni, ndiyo maana harufu ya dawa za picha ilichanganyika milele na ya vitunguu. Nje, barazani, alikaa Kwamboka na cherehani yake. Aliwashonea wateja kola zilizochanika na kuwatia vifungo kabla hawajaingia kupigwa picha, na jioni tulilala chumba kimoja, mimi na yeye, kitanda changu dirishani na chake mlangoni kwa sababu alidai nakoroma. Ijumaa tulikula pilau ya Bi Zena. Siku nyingine tulipika sisi, obokima, yaani ugali wetu, na chinsaga, ile mboga yetu chungu, tukaituliza kwa maziwa, naye Bi Zena akaonja kwa ncha ya kidole na kukunja uso. "Hii si mboga, hii ni dawa. Mnaumwa nini?" Na bado alimaliza sahani.

Sheria ya nyumba ile ilikuwa moja: kamera haitoki nje bila hudi. Hudi ni kile kikofia cheusi cha chuma kinachovishwa lenzi mbele, kama ukingo wa kofia juu ya paji la uso. Nilikidharau. Wateja walikidharau zaidi. Sokoni Ogembo mwanamume mmoja alikataa kupigwa picha mpaka nitoe "hicho kikombe", akisema kitamkata kichwa. Nilipomuuliza Bi Zena kama hatuwezi kukiacha angalau siku za mawingu, aliweka chini kikombe chake cha kahawa. "Ukitoka nje jua likakupiga, unafanyaje?" Nikaweka kiganja juu ya nyusi. "Nani alikufundisha?" Hakuna aliyenifundisha. "Basi lenzi ni jicho lisilo na mkono. Mwangaza wa pembeni ukiliingia hudunda humo ndani, mara huku, mara kule, na pale utakapotua hakuna ajuaye. Na mawingu ya Kisii, mwanangu, ni ya kuaminiwa? Si hayo hayo yanayopasuka ghafla?" Siku nyingine, huko Marani, kamba ya kamera ilikatika, kamera ikaanguka uso chini kwenye ngazi ya duka. Lenzi haikupata hata mkwaruzo. Hudi ndiyo iliyobonyea. Bi Zena aliinyoosha kwa mpini wa kisu, akanirudishia.

Siku moja mvua ya mchana ilikuwa inapiga bati, nami nimo chumba cha giza nasuuza picha, nikawasikia Kwamboka na Bi Zena upande wa pili wa pazia. Kwamboka alikuwa anaolewa mwezi wa nane na mwalimu mmoja mpole wa huko kwao, na kwa wiki nzima alikuwa haimbi kwenye cherehani. Sasa alikuwa analia. "Mama amesema atapika, atasonga, atafanya yote, lakini mbele ya kamera hatakuja. Anaogopa ataniharibia picha kama alivyomharibia Ombati."

Ombati alikuwa kaka yake mkubwa. Alipooa, miaka michache nyuma, waliletewa mpiga picha wa kutangatanga, akawapanga wote mlangoni kwa mama, akabofya, akaenda. Picha ilipokuja kila mtu alionekana vizuri, hata mbwa. Ila pembeni, pale aliposimama mama yao, palikuwa na gauni, na mikono miwili iliyoshikana, na juu yake, mahali pa uso, duara jeupe. Nyanchama, mke mwenza wake, aliipitisha ile picha nyumba kwa nyumba. "Mimi sijasema neno," alikuwa akisema. "Picha ndiyo iliyosema. Imemkataa." Basi ikawa hivyo. Mama Ombati akaanza kupita nyuma ya nyumba badala ya mbele. Kanisani akikaa, benchi linapungua watu. Na lililomuumiza zaidi ya yote, akimbeba mtoto mchanga, mwenye mtoto huja haraka kumchukua, kwa adabu kabisa, akidai mtoto ana njaa. Mke wa Ombati mwenyewe alipojifungua alipelekwa kulelewa uzazi kwao, na mtoto akarudi ameshaanza kutembea.

"Mimi nitazaa, Bi Zena," Kwamboka akasema. "Mama yangu atanyang'anywa hata watoto wangu? Na nikipiga picha ya harusi bila yeye, si nitakuwa nimekubali maneno ya Nyanchama?"

Bi Zena akaomba kuiona ile picha. Kwamboka alikuwa nayo, amemkatalia Ombati asiichome. Kisha Bi Zena akauliza maswali yake polepole, kama anayechambua mchele. Mlango wa mama unatazama wapi? Bondeni. Jua linatua wapi? Nyuma ya nyumba, juu ya kilima. Picha ilipigwa saa ngapi? Baada ya watu kula, jioni jioni. "Subhanallah," akasema. "Mtu amesimama na kamera, uso kwa uso na jua, lenzi haina kofia. Mama yako hakukataliwa na yeyote. Jua limeingia kwenye kioo likatafuta pa kukaa, likamkalia yeye. Lingeweza kumkalia mbwa."

Nilitoka chumba cha giza mikono ikichuruzika maji. Nikasema kazi ni rahisi, tutawageuza watu, tutawasimamisha penye migomba jua likiwa mgongoni kwangu. Kwamboka alinitazama kama mgeni wa nchi. "Moraa, na wewe ni Mgusii kweli? Bibi harusi anapigiwa picha mlangoni kwa mama yake. Nikipigiwa kwenye migomba, watasema nilitoka wapi, nilizaliwa shambani?" Alisema kweli. Mlango ule ndio aliotokea, na ndio atakaouacha. Nyumba haikuweza kugeuzwa, na jua vilevile. Ilibaki hudi.

Bi Zena alinituma Nyamarambe kabla ya harusi, peke yangu na kamera. "Usimhubirie," alinionya. "Mtu aliyeonewa kwa macho, mwonyeshe kwa macho." Nilimkuta Mama Ombati akichambua maharagwe: mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini na mazoea ya kukaa pembeni hata kwenye nyumba yake mwenyewe. Alinilisha kwanza, maana kwetu huwezi kuleta neno kwenye tumbo tupu la mgeni. Aliniwekea obokima kwenye kikapu, na maziwa ya mgando, akakaa mbali kidogo akinitazama nikila. "Najua umekuja na nini," akasema. "Mwanangu, umekuja kunitoa aibu au kuniongezea?" Nikamwambia, "Mama, nimekuja unisaidie kutazama kitu."

Kamera yetu ilikuwa ya kutazamia kwa juu: unainamisha kichwa, na kwenye kioo kidogo unaiona dunia imekaa humo. Jua lilikuwa limeanza kushuka kuelekea kilimani. Nilisimama uani nikiielekeza kamera mlangoni kwake, nikavua hudi, nikachukua leso yake nikatufunika wote wawili vichwa ili tuone vizuri, mimi na yeye, mashavu yakikaribia kugusana. Alinuka moshi na maziwa. "Unaona nini?" Akasema anaona mlango. Kisha akashtuka. "Kile kitu kimekuja!" Duara jeupe lilikuwa limetua juu ya kizingiti. Nikageuza kamera kidogo. Likahamia kwenye mtungi. Nikageuza tena; kuku wake mwekundu alikuwa anapita zake kwenye njia, duara likamfunika kichwa chote, akabaki mkia na miguu inayotembea. Mama Ombati akainama zaidi kwenye kioo. "Na kuku naye?" akauliza. "Kuku naye amekataliwa?"

"Huyo kuku ana neno, Mama. Hujasikia yanayosemwa?"

Akaanza kucheka. Tulicheka chini ya leso ile mpaka akakohoa na mimi nikaogopa kuangusha kamera. Kisha nikaivisha lenzi hudi, nikamwambia atazame tena. Duara likatoka, kuku akarudi na kichwa chake, akidonoa. Alitaka niivue tena, niivishe tena. Nilivua na kuvisha mara nyingi, naye hakuchoka. Mwishowe akajitoa chini ya leso, akajipangusa macho, na uso wake ukawa mzito tena. "Nimeelewa. Lakini kuku hana mke mwenza." Akaikunja leso yake. Akasema, "Nitakuja kwenye picha ya binti yangu. Lakini nitasimama palepale niliposimama siku ile, pembeni, kwenye saa ileile. Usinifiche katikati. Ikinikubali, inikubali mbele yao. Ikinikataa, Mungu Nyasae anajua, msiniite tena kwenye jambo lolote." Nilirudi mjini nikiipapasa hudi njia nzima. Hudi inazuia mengi, lakini haijaapa.

Harusi ilikuwa Jumapili, maana kina Kwamboka ni Wasabato na Jumamosi ni ya ibada. Mahubiri yalikuwa marefu, wasemaji walikuwa warefu zaidi, na tulipofika uani baada ya kula jua lilikuwa pale pale, juu ya paa la bati, likimwaga moto machoni mwangu. Upande wa ziwani mawingu meusi yalikuwa yanapanda. Bi Zena alikuwa amekuja na buibui lake, amepewa kiti cha heshima, na hakunisaidia hata kidogo, kwa makusudi. Nyanchama ndiye aliyekuwa akipanga watu. "Mama Ombati hapendi mambo ya picha," akatangaza kwa sauti tamu, "tumwache apumzike jikoni." Kwamboka alifungua mdomo, lakini mlango wa jikoni ulikuwa umekwisha kufunguka. Mama yake alitoka na gauni la bluu aliloshonewa na binti yake, akapita mbele ya watu wote, akasimama pembeni kabisa, pale pale, akashikanisha mikono. Mwanamke mwenye kitambaa cha kijani aliyekuwa jirani yake akasogea hatua moja, akaacha pengo.

Lile pengo lilinitia hasira. "Wewe mama wa kijani!" nikapaza sauti. "Rudi hapo! Nikikukata bega usije studio kunidai bega!" Watu wakacheka, naye akarudi, akabanana na Mama Ombati kwa sababu sikumwachia nafasi ya kufanya vingine. Nilirudi nyuma mpaka wote wakaingia kwenye kioo. Nilihakikisha hudi imekaa. Nyuma yangu mtu akasema kikombe hicho kitakata watu vichwa; nikamwacha. Nyuso zilikuwa kivulini mwa nyumba, hakuna aliyekunja macho, nikafungua lenzi zaidi ili niwapate. Nilitazama kona ile. Hapakuwa na duara. Lakini kioo cha kutazamia kina lenzi yake na filamu ina yake, hata kama hudi inazikinga zote mbili, na filamu hujui mpaka uisafishe. Nikabofya, nikazungusha, nikabofya tena, na tena, mpaka tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye ukingo wa hudi badala ya kioo, na watu wakakimbilia ndani.

Kesho yake asubuhi tulikuwa chumba cha giza, mimi na Bi Zena, bila Kwamboka, ambaye tayari alikuwa kwa mumewe akisubiri habari. Kwenye filamu nyeupe huwa nyeusi, kwa hiyo nilikuwa natafuta duara jeusi. Sikuthubutu kuangalia, nilimpa Bi Zena aipeleke sebuleni, dirishani. "Naona pua," akasema. Nikamwambia asinitanie. "Mwanangu, pua naijua." Tukaichapisha. Kwenye sinia, chini ya taa nyekundu, gauni lilikuja kwanza, kisha ile mikono miwili, kisha kwa muda uliotaka kuniua hapakuwa na kitu juu yake. Halafu uso ukaanza kuja, nyusi, mashavu, mdomo uliobanwa kwa ujasiri. Ombati kama alivyo, Kwamboka kama alivyo, wote wametoka kwenye uso ule. Nililia kwa kwikwi. "Usinililie kwenye dawa," Bi Zena akasema, na yeye mwenyewe akijipangusa kwa ncha ya buibui.

Niliipeleka Nyamarambe picha ilipokauka. Mama Ombati hakuipokea mpaka alipokwenda kunawa mikono na kuikausha. Aliitoa nje penye mwanga, akaitazama akiwa amesimama. Hakuanza na bibi harusi, wala bwana. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona yake, akaigusa kwa kidole. "Nimezeeka," akasema. Kisha, "Lakini nipo."

Nilidhani ataingia ndani akaiweke mahali salama. Badala yake aliniacha hapo na kushika njia ya mbele, ile inayopita katikati ya ua, akaenda mpaka mlangoni kwa mke mwenza wake. Nikamfuata, nimejaza kinywa maelezo ya mwangaza na vioo. "Nyanchama," akaita, "toka nje." Nyanchama alitoka na unga mikononi, na nyuma yake mkaza mwanawe aliyekuwa amejifungua mwezi ule, mtoto kifuani. Mama Ombati akainua picha. Nyanchama aliitazama, akamtazama mwenye uso, akarudi kwenye picha. Maelezo yangu hayakuhitajika.

"Ni wewe," Nyanchama akasema.

"Ni mimi." Mama Ombati akampa picha aishike, akabaki na mikono mitupu, akainyoosha mbele yake. "Sasa nipe mtoto."

Msichana yule alirudi nyuma hatua moja, akamtazama mama mkwe wake. Nyanchama akaangalia picha mara ya mwisho. Kisha akajifuta unga kwenye gauni, akageuka, akamchukua mtoto kutoka kwa mama yake, na akamleta yeye mwenyewe.